Umaskini Wenye Muhuri

Hoja iliyo mezani: mtoto wa maskini anayekosa chuo, mara nyingi hakosi kwa sababu fedha hazipo, bali kwa sababu hakuna aliyemfikisha zilipo.

Wanaojadili ni wanne, na wa tano ataingia kutoka Nairobi. Nimewatunga, lakini wanayoyasema yanasikika kila mwaka ifikapo Agosti, kwenye daladala, kwenye foleni ya wakili na nje ya ofisi ya mtendaji. Yupo Mwalimu wa kidato cha sita katika shule ya bweni ya serikali. Yupo Mama, muuza chai na mihogo, ambaye mwanawe amemaliza mwaka huu. Yupo Mhitimu, mhasibu wa halmashauri, ambaye mkopo aliosomea unakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Na yupo kijana wa steshenari iliyo karibu na stendi, mwenye kompyuta mbili, printa moja na benchi la wateja lisilokauka. Mimi ni mwenyekiti wa mjadala, na naonya mapema kwamba mwenyekiti huyu ana upande.

MWALIMU: Nianze na kalenda, maana ndiyo inayowaangusha. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Wakimaliza, wengi wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Matokeo yanatoka Julai, maombi ya vyuo yanafunguliwa, na dirisha la mkopo liko wazi miezi hiyohiyo. Yaani wakati mtoto anahitaji simu, intaneti, mzazi, mwenyekiti wa mtaa na wakili, yeye yuko kambini anakimbia mchakamchaka. Maafisa wa Bodi ya Mikopo wamekuwa wakizifikia kambi hizo kutoa elimu, na nawapongeza. Lakini afisa hawezi kukuletea cheti cha kifo cha baba yako kutoka kijijini. Mtoto huyu nimekaa naye miaka miwili, kila asubuhi namwona mstarini. Nimemuuliza sare, nimemuuliza nywele, nimemuuliza michango. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyemuuliza.

MAMA: Cheti cha kuzaliwa mwanangu anacho, Mwalimu. Kilichotukwamisha ni kingine. Kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne alisoma shule ya kulipia. Mimi ningeiweza wapi ada ile? Alilipiwa na padri wa parokia yetu. Sasa kwenye maombi, ukiandika shule ile, unaonekana mwenye uwezo. Wanataka barua ya aliyemsomesha. Padri amehamishwa, simu yake haipatikani, na aliyekuja baada yake hanijui. Siku za dirisha zinahesabika.

STESHENARI: Shikamoo mama, shikamoo Mwalimu. Naomba niwaeleze yanayopita mezani kwangu, kwa sababu watu wanadhani kuomba mkopo ni kujaza fomu. Unaanza na namba ya mtihani ya kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akiombea chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, kompyuta zinaona watu wawili. Ukitoka hapo, cheti cha kuzaliwa. Hakiendi hivihivi, lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa Zanzibar na wakala wao wa matukio ya kijamii. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kinapita njia hiyohiyo. Halafu shilingi 30,000 ya maombi, ambayo hairudi. Ndipo tunachapa fomu. Mwombaji anasaini, mdhamini anasaini na kubandika picha, fomu inakwenda serikali ya mtaa au ya kijiji kugongwa muhuri, inakwenda kwa wakili au hakimu. Inarudi kwangu imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, wino wa muhuri umesambaa kwa jasho. Naiskani, naipandisha. Muhuri usiposomeka, tunaanza safari upya.

MHITIMU: Na wewe unatoza ngapi, dogo?

STESHENARI: Bei yangu imebandikwa ukutani, kaka. Wakili naye ana yake. Kuna viongozi wanaogonga muhuri bure na kukutakia heri, na kuna wanaosubiri ya soda. Hiyo haijabandikwa popote.

Hapa mwenyekiti anaingilia, kwa sababu suala la vyeti limezungumzwa juujuu. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikitolewa bure papo hapo, ulianza kusambazwa mkoa kwa mkoa katika miaka ya 2010. Kijana anayemaliza kidato cha sita sasa alikuwa ameshazaliwa kabla. Yeye ni wa kizazi ambacho wazazi walikwenda kutafuta cheti makao makuu ya wilaya pale tu shule ilipokidai, na jina likaandikwa kama lilivyosikika siku hiyo. Vifo ndiyo zaidi. Mtu akifariki kijijini anaoshwa, anasaliwa, anazikwa, ndugu wanakaa matanga, na hakuna anayekumbuka kupanda gari kwenda wilayani kuandikisha. Miaka kumi baadaye mtoto wake anaambiwa athibitishe kuwa ni yatima. Kijiji kizima kinajua, makaburi yanaonekana kutoka barabarani, lakini karatasi haipo. Waliotunga vigezo walimkusudia huyuhuyu, na ndiye anayeshindwa kuvitimiza.

MHITIMU: Mwenyekiti, nimewasikiliza kwa adabu. Sasa niwasumbue. Tuseme mmefanikiwa. Kila mtoto ana cheti, kila muhuri unasomeka, kila fomu imefika. Fungu la mikopo limeongezeka shilingi ngapi? Hata moja. Waombaji wameongezeka, fedha ni ileile, na mlichobadilisha ni majina kwenye orodha ya watakaokosa. Mimi sikukosa karatasi. Nilipata mkopo wa nusu: ada sehemu, chakula sehemu, nyingine nikaambiwa nyumbani watamalizia. Nyumbani gani? Niliishi kwa kupokezana kitanda na mwenzangu. Nyinyi mnazungumzia kuingia chuo. Mimi nazungumzia kukaa humo mpaka umalize.

MWALIMU: Ni kweli, ukiacha lile...

MHITIMU: Sijamaliza, Mwalimu, samahani. Tena huu si msaada, ni deni. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ya kulinda thamani ya mkopo. Ukilipa, deni linakua huku unaliangalia. Tozo hiyo Rais Samia aliagiza iondolewe Mei Mosi ya 2021, na siku hiyo nilishangilia kama watu wengine. Lakini asilimia 15 ipo. Kwenye mshahara wa laki nane, hiyo ni laki na elfu ishirini inayoondoka kabla sijanunua unga. Na nina wadogo zangu wawili wanaosoma. Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Maneno mazuri. Siku hizi chakula hicho unakopeshwa, na kabla hujarudi na msaada, umeshaanza kukatwa.

Mimi mwenyekiti sitajifanya kwamba pigo hilo halikuingia. Anayesema tatizo ni karatasi tu hajawahi kuishi kwa bumu, ile posho ya mkopo. Na hesabu ya bumu yenyewe inafundisha jambo ambalo wachangiaji wengi, hasa wale wanaopenda kutangaza kwamba "wamelipa ada," hawalijui. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwaka wa masomo ni kama miezi minane. Zidisha, unavuka milioni 2. Ada ya kozi nyingi za shahada katika vyuo vya umma haifiki hapo. Kwa hiyo mwanafunzi anayelipiwa ada peke yake amelipiwa sehemu ndogo ya safari. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu chuoni ambaye hadaiwi hata senti na ofisi ya uhasibu, lakini anashindia mlo mmoja.

MWALIMU: Mhitimu, naomba nikujibu sasa. Umesema tunabadilisha majina tu kwenye orodha. Sawa. Kwani hilo ni dogo? Fungu lisipotosha, lazima kuna wa kuachwa. Leo anaachwa nani? Siyo aliye na uwezo. Mwenye uwezo ana baba mwenye gari la kumpeleka wilayani asubuhi na kumrudisha jioni, ana mjomba wakili, ana simu yenye bando. Anaachwa aliyekosa nauli. Wewe unapigania fungu liongezwe na mimi nakuunga mkono, nitatembea na wewe mpaka Dodoma. Lakini likiongezwa leo bila kugusa haya, litawafikia kwanza waliokwisha kujua njia. Tazama ilivyokuwa ada ya kidato cha tano na cha sita ilipofutwa mwaka 2022. Nimepata madarasani watoto ambao zamani wangeishia kidato cha nne. Wamefika mpaka mlango wa chuo bila kulipa ada, na ni hapo kwa mara ya kwanza wanakutana na serikali inayowaambia: thibitisha.

MAMA: Mnasema "thibitisha" kana kwamba ni neno jepesi. Mwenyekiti wa mtaa wetu namuuzia chai kila asubuhi. Mtoto wake naye anaomba mkopo mwaka huu. Nimpelekee fomu aandike kwamba mimi sina kitu, kesho nimpelekee chai? Na kama mkopo ni wa mmoja? Simsemi kwa ubaya, hajawahi kunikosea. Ila mtu usimweke mahali ambapo lazima avue nguo mbele ya jirani. Wale wa TASAF, mfuko wa kaya maskini, angalau walitajwa mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu akasikia, mwisho. Mimi TASAF siingii. Nina meza ya chai, naonekana mfanyabiashara.

STESHENARI: Mama amegusa penyewe. Wanaoingia kwangu na namba ya TASAF wanamaliza mapema. Wasio nayo na wasio na uwezo, hao ndio wanaolala benchi. Na wakichoka na Bodi wanaangukia kwa matapeli. Kila msimu kuna ujumbe wa WhatsApp: ufadhili Kanada, ufadhili Uturuki, lipia elfu hamsini ya usajili. Uturuki ina ufadhili wa kweli wa serikali yao, na kuomba ni bure. Ndiyo sababu jina lake linatumika kutapeli. Nawaambia wateja wangu, mfadhili wa kweli hakutozi. Wananijibu, mbona Bodi inatoza 30,000? Nabaki naangalia printa.

MHITIMU: Na ule ufadhili wa kweli, ambao haudaiwi, unakwenda kwa nani? Samia Scholarship ilianza mwaka wa masomo 2022/23, kigezo ni ufaulu wa juu wa sayansi. Vizuri, taifa linahitaji madaktari na wahandisi. Lakini ufaulu wa juu wa sayansi unapatikana wapi? Kwenye maabara. Mtoto wa shule isiyo na maabara alishashindwa kabla ya kuanza.

MWALIMU: Siyo wote. Nimefundisha mtoto wa PCB aliyejifunza titresheni kwa kuchora ubaoni, akapata daraja la kwanza. Lakini nakubali nusu. Yule wangu wa HKL, asiyesoma sayansi, daraja la pili, baba hayupo, mama mgonjwa, hana mahali pa kwenda isipokuwa Bodi. Kwa hiyo fomu yake ikirudishwa, hakuna mlango mwingine.

Sauti ya Nairobi inaomba nafasi. Huyu ni Karani. Aliwahi kukaa kwenye kamati ya bursari ya eneo bunge.

KARANI: Hamjambo wenzangu. Mnalia fedha zenu ziko mahali pamoja. Sisi zetu ziko kila mahali, na bado tunalia. Kuna HELB, bodi yetu ya mikopo, tangu 1995. Kuna bursari ya NG-CDF, ile ya eneo bunge, kuna ya kaunti, kuna za makanisa na benki. Kila moja ina fomu yake, na kila fomu yataka chifu, mwalimu mkuu na mzee wa kanisa ama imamu. Mzazi anazunguka mwezi mzima, anapata hundi ya elfu tano kwa karo ya makumi ya elfu. Mwaka 2023 serikali ikaleta mfumo mpya wa vyuo vikuu: mwanafunzi anajibu maswali mtandaoni, mashine inampima na kumpanga kwenye kundi, wengine wapate ufadhili mwingi na mkopo kidogo, wengine kinyume. Mama muuza mboga akajikuta amepangwa pamoja na watu wa magari. Rufaa zikajaa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba, na kesi haikuishia hapo. Kwa hivyo msidhani mashine itawatoa kwa mwenyekiti wa mtaa. Inawatoa kwa mtu anayewajua na kuwapeleka kwa kitu kisichowajua.

MHITIMU: Sasa wewe uko upande gani?

KARANI: Niko upande wa nauli. Unakumbuka ndege ya Tom Mboya, mwaka 1959? Watu husimulia kana kwamba Mboya alitafuta vyuo. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimeshatoa nafasi, na vingi viliahidi kusamehe karo. Kilichokosekana ni pesa ya kuvuka bahari. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango, na Septemba ile wanafunzi 81 wakaondoka Nairobi. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Karo ndiyo iliyokuwa kubwa, lakini nauli ndiyo iliyokuwa imefunga njia. Na siku hizi tazama KenSAP, iliyoanzishwa 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule mwanariadha. Karo inalipwa na vyuo vya Marekani vyenyewe. Kazi ya KenSAP ni kuwachukua vijana werevu wa familia maskini, kuwaandaa kwa mitihani, kuwaonyesha insha inaandikwaje na fomu za fedha zinajazwaje. Zamani hata waliwakimbiza mita 1,500 kwenye usaili.

MHITIMU: Wachache wanaopelekwa Harvard hawatatui tatizo la maelfu walioachwa.

KARANI: Hawatatui. Lakini niambie, pesa ya Harvard ilikuwapo kabla ya KenSAP, ama haikuwapo?

Mhitimu hakujibu, na simlaumu, kwa sababu swali la Karani lina mtego: fedha za Harvard zinatosha, za Bodi hazitoshi. Ni vitu viwili. Mimi namkubali Mhitimu kwamba fungu ni dogo, na kwamba mkopo unaoanza kukatwa kabla ya mtu kusimama ni mzigo kwa ukoo mzima, siyo kwa mtu mmoja. Ninapomwacha ni pale anapotaka tuanze na fungu. Tazama tena hesabu zilizokwisha kutajwa hapa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku. Yaani mtoto anakosa bumu la miaka mitatu kwa kukosa la siku tatu. Ongeza nauli ya wilayani, uhakiki wa cheti, ya wakili. Iwe ya siku kumi. Sijui uchangiaji mwingine wa elimu ambapo fedha kidogo namna hiyo inafungua fedha nyingi kiasi hicho, na bado harambee zetu, misikiti yetu, parokia zetu, na vikundi vyetu vya waliosoma pamoja vinapenda kulipa "ada," kwa sababu ada ina risiti ya kupiga nayo picha.

Na kazi yenyewe ni ya kidato cha tano, siyo ya Agosti baada ya kidato cha sita. Mtoto akiripoti, pamoja na ndoo na godoro, shule imuulize: cheti kipo? Majina yanafanana? Wazazi wako hai? Aliyekulipia sekondari ni nani, na tumwandikie barua sasa kabla hajahamishwa? Ipo miezi karibu ishirini ya kurekebisha.

MWALIMU: Hilo nalitaka, lakini msinitwike peke yangu. Nina vipindi ishirini na nane kwa wiki. Chumba cha kompyuta kipo, ufunguo anao makamu, na intaneti inategemea kama bili imelipwa.

STESHENARI: Mimi naweza kuja shuleni, Mwalimu. Wiki moja kila muhula, nije na skana yangu. Bei nitashusha kwa sababu wateja watakuwa wengi. Sitasema nitafanya bure, nina kodi ya fremu.

MHITIMU: Na nani atalipa?

MWALIMU: Nyinyi mliosoma shuleni kwangu. Kundi lenu la WhatsApp lilichanga harusi mbili mwaka jana, matangazo nayaona.

MHITIMU: Nimeshikwa. Haya, nitaweka 30,000 ya mtoto mmoja, na nitawasukuma wenzangu. Lakini msije mkaiita hiyo sera. Siku nikisikia waziri anawasifu "wadau" kwa kuchangia ada ya maombi badala ya kuifuta, nitaidai pesa yangu.

MAMA: Mwenyekiti, mimi nina swali moja la nyumbani. Huyu mkubwa tunamtafutia padri, Mungu atasaidia. Mdogo wake yuko kidato cha tatu. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu yake, shuleni wanamwita kwa jina la baba yake. Nisubiri amalize?

MWALIMU: Usisubiri hata wiki, mama. Jina litakaloingia kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakalomfuata mpaka chuo. Nenda kamwone mkuu wa shule yake kabla hawajaanza kusajili, uende na cheti cha kuzaliwa mkononi.

STESHENARI: Pitia kwangu kwanza nikutolee nakala, na cha darasa la saba uje nacho. Tuone lipi ni rahisi kurekebisha.

MAMA: Jumamosi ni gulio. Jumapili baada ya misa?

STESHENARI: Jumapili nafungua saa nane, mama. Nitakuwekea nafasi.